Kwa Nini Kijani?

Juzi usiku nilipata ujumbe wa msomaji, binti aliye mwishoni mwa kozi ya usanifu wa grafiki. “Shikamoo kaka. Nimebakiza siku 12 niwasilishe kazi ya mwisho. Kazi zote zimekamilika na zimetoka vizuri, kilichobaki ni slaidi tu. Naomba unisaidie, ziwe ngapi?”

Niliusoma mara mbili. Hayo maneno, “kilichobaki ni slaidi tu”, niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, kwa kujiamini kulekule, na wiki hiyohiyo nikafeli.

Ndiyo, nilifeli. Wengi mnaonifahamu kwa kazi zangu hamlijui hilo, na sijawahi kuliandika popote. Lakini mwezi uliopita nilialikwa kukaa kwenye jopo la watahini wa chuo kimoja, safari hii nikiwa upande wa pili wa meza, na kwa siku mbili vijana 23 walipita mbele yangu wakirudia makosa yangu, wengine kwa mpangilio uleule kana kwamba niliwafundisha. Kukaa kimya tena itakuwa uchoyo.

Mradi wangu ulikuwa utambulisho wa maktaba ya watoto: nembo, kadi ya uanachama, mabango matatu, kibao cha nje na vibao vya kuelekeza ndani. Kila mmoja wetu alipewa dakika 15, kumi za kueleza na tano za maswali. Miezi minne ya kuifanya kazi yenyewe naiacha, haina utamu wa kusimulia. Ni kukaa na kuumwa mgongo. Tuanze na usiku wa mwisho.

Nilikuwa nimesoma mahali kwamba Paul Rand, msanifu maarufu wa nembo wa Marekani, alipochora nembo ya kampuni ya kompyuta ya NeXT mwaka 1986, alimpelekea mwanzilishi wake, Steve Jobs, pendekezo moja tu. Hakumpa matatu achague. Na alilipwa dola 100,000. Kwa kijana wa miaka 22 hadithi ya namna hiyo ni ulevi. Nikajiambia fundi wa kweli haonyeshi takataka za karakana. Anafunua kazi, watu wanaduwaa. Basi usiku ule nikasafisha meza. Karatasi zote za michoro ya penseli, zaidi ya 60, nikazikunja nikazitia kwenye mfuko wa taka. Kwenye kompyuta nikafuta matoleo ya zamani yote, nikabakiza faili moja lililoitwa “mwisho_kabisa_3”. Nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza.

Nilichokuwa nimekiruka ni kwamba Rand hakupeleka nembo peke yake. Alipeleka kijitabu, na ndani yake akamtembeza mteja hatua kwa hatua: jina likiwa kwa herufi kubwa tupu linaonekanaje, kwa nini ile e ibaki ndogo wakati wenzake ni kubwa, kwa nini mchemraba uliobeba jina hilo uinamishwe kwa nyuzi 28. Pendekezo lilikuwa moja, lakini sababu zake zilijaza kurasa. Mimi nilichukua nusu ya hadithi, ile nusu ya kujivuna.

Asubuhi nikaingia kifua mbele. Nikachomeka fleshi kwenye kompyuta ya ukumbini, nikafungua slaidi ya kwanza. Fonti yangu haikuwemo kwenye mashine ile. Kichwa nilichokipangia nafasi kati ya herufi na herufi kwa siku mbili kikatokea kwa fonti ya barua za kiofisi, kimekatika, na herufi moja imedondoka peke yake mstari wa chini. Nikajichekesha, nikasema samahani. Slaidi ya pili: kijani changu, kijani cha majani machanga, ambacho kwenye laptopu yangu kilikuwa kinawaka. Projekta ikakigeuza rangi ya maji yaliyotuama. Samahani tena. Dakika tatu zikaisha, na zaidi ya samahani sikuwa nimesema kitu.

Nikategemea bango liniokoe. Nilikuwa nimelichapisha kwa ukubwa wa A2 na kulibandika ukutani, kwa hiyo projekta haikuwa na pa kunidhuru. Lilikuwa na maneno mawili: “Soma Ung’are”. Mtahini mmoja, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning’inia kifuani, akainuka kitini, akavaa miwani, akalisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Akaweka kidole.

“Hiki ni nini?”

“Ni ng’, mwalimu.”

“Herufi naijua. Nauliza hiki.”

Kidole kilikuwa juu ya ritifaa, ile alama ndogo inayofuata g kwenye ng’. Na mimi, baada ya miezi minne ya kulitazama bango lile kila siku, ndipo nikaiona kwa mara ya kwanza. Fonti niliyopakua haikuwa na alama hiyo, programu ikaazima ya fonti nyingine bila kunitaarifu. Herufi zote zilikuwa nene na za mviringo kama mito ya kulalia, na katikati yao kimesimama kijiti chembamba kilichonyooka kama msumari, kimejitenga na g kwa nafasi ya kupitisha kidole. Anayesanifu kwa Kiswahili asipoikagua ng’, anakagua nini? Bango lina maneno mawili!

Yule mama akarudi kukaa. Akauliza swali ambalo nikilala vibaya hunirudia mpaka leo: “Kwa nini kijani?”

Nikajibu, “Kwa sababu kinapendeza, mwalimu. Na ni rangi ya uhai.”

Hakucheka. Afadhali angecheka. Alifunga daftari, akalaza kalamu juu yake, akamtazama mwenzake. Dakika za maswali zikapita na hakuna aliyeuliza lingine.

Nisijikoshe: kile kitendo cha kufunga daftari bado kinaniuma. Naamini angeweza kuniuliza kwa njia nyingine. Mtahini anayeijua kazi yake humchokonoa mwanafunzi mpaka kitu kitoke, na mwezi uliopita nilihakikisha simfungii mtu daftari, hata yule aliyetuletea slaidi 74. Lakini nilipokaa kwenye kiti kile nilielewa alichokiona siku ile. Aliona kazi safi isiyo na asili. Hakuna kilichoonyesha kwamba niliifikiria, na kusema kweli hakuna kilichoonyesha kwamba niliifanya mimi. Nembo iliyokamilika, ikiwa peke yake ukutani, inaweza kuwa ya yeyote.

Nilipewa wiki sita kurudia.

Kwa hiyo ukiniuliza ushauri, ninao mmoja, na mingine yote ni watoto wake: tunza uchafu wako. Kila mchoro wa penseli, hata ule unaokuaibisha, upige picha, uandike tarehe pembeni na neno moja la kwa nini uliuacha. “Hausomeki ukiwa mdogo.” “Unafanana na nembo ya benki.” Maneno hayo matatu manne ndiyo yatakayokuwa wasilisho lako, kwa sababu watahini hawaji kununua nembo. Wanakuja kuona kama una kichwa kinachochagua.

Mimi sikuwa na uchafu wa kuonyesha, nilikuwa nimeutupa, ikabidi nianze upya. Nikaanzia kwenye lile swali. Kibao cha nje kilitakiwa kusimama kwenye bustani, chini ya miti. Nikakata vipande vya karatasi vya rangi 11, nikavibandika kwenye ubao mmoja, nikausimamisha pale pale, nikarudi nyuma hatua 30. Nikaangalia asubuhi, nikaangalia adhuhuri, nikaangalia jua likizama. Kijani kilimezwa na majani mara zote tatu. Kama hukuonyeshwa kilipo, hukioni. Nyekundu ilipendeza mchana, lakini mwanga ulipopungua ikawa kama nyeusi. Ndivyo macho ya binadamu yalivyoumbwa, giza likianza kuingia nyekundu huwahi kufifia. Rangi ya chungwa, ile iliyoelemea njano, ilibaki inaonekana mpaka nikafungasha.

Kisha chungwa nalo likaniletea kesi yake. Maandishi meupe juu yake yalikuwa yananing’inia tu, hayashiki. Mwongozo wa WCAG, ule wa kufanya kurasa za mtandaoni zisomeke na watu wote, unataka maandishi ya kawaida kwenye skrini yapishane mwanga na usuli wake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na meupe yangu hayakufika hata nusu. Nikabadili, nikaandika kwa bluu iliyokoza. Unaona lakini? Kufikia hapo sijagusa slaidi hata moja, na tayari nina dakika nne za kuzungumza bila kutafuta maneno.

Ya ufundi nayapitisha haraka kwa kuwa mtu yeyote atakwambia. Hamisha wasilisho kuwa PDF yenye fonti ndani yake, lifungue kwenye kompyuta isiyo yako kabla ya siku, liwe kwenye fleshi na kwenye barua pepe. Rangi za skrini ni RGB, yaani mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu, za kuchapisha ni CMYK, yaani wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi, na kijani kinachowaka kwenye skrini wino hauwezi kukifikia, kwa hiyo rangi ya kweli ilete kwenye karatasi mkononi. Kwenye kazi za kuchapishwa acha ile nyongeza ya milimita 3 kila upande, itakayokatwa baada ya kuchapa. Maandishi ya slaidi yakague ukiwa umesimama mwisho wa chumba. Basi.

Kitu kingine kilichonisaidia kiliniumiza pia: nilijirekodi kwa simu nikifanya mazoezi. Sikujua kwamba nasema “kwa hiyo basi”. Nilihesabu, mara 27 ndani ya dakika kumi. Na nusu ya muda nilikuwa nawaeleza watahini historia ya maktaba duniani, watu wenye shahada zao. Nikafyeka yote. Nikaanza na ule ubao wa rangi 11 bustanini, sentensi ya kwanza kabisa, kabla hata ya kutaja jina langu.

Sasa nirudi kwa wale 23, maana nina dukuduku. Vijana wenzangu, mnajificha nyuma ya mokapu, zile picha za kuigiza zinazoonyesha kazi kana kwamba imeshachapishwa. Tisa kati yenu mlituletea kadi zilezile zilizolala juu ya jiwe lilelile la kijivu, kivuli cha jani kikipita juu yake kwa pembe ileile. Kufikia mtu wa sita, mwenzangu kwenye jopo alikuwa analitambua jani. Mokapu si dhambi, mimi natumia. Lakini mtu anapouliza kwa nini umechagua fonti nene, halafu wewe unapeleka slaidi mbele kuonyesha begi lenye nembo, umemkimbia. Tumezoea kusifiwa kwa picha, mtu anaweka kazi, zinashuka pongezi, hakuna anayeuliza. Siku akitokea anayeuliza tunamwona ana wivu. Hapana, huyo ndiye wa kwanza kuichukulia kazi yako kwa uzito. Mheshimu, mjibu. Na kama hujui, sema hujui, usimtupie “rangi ya uhai”. Nakusihi, tunza michoro yako. Nimeshasema? Nasema tena.

Kuna mmoja tu niliyemwonea wivu mwenyewe. Alileta daftari lililochakaa, jalada linaning’inia, akaliweka mezani mbele yetu akasema, “Tafadhali fungueni popote, niulizeni.” Slaidi zake zilikuwa za kawaida sana. Tulimhoji hadi muda ukapita na hakuna aliyetazama saa.

Wasilisho langu la pili nilikutana na mama yuleyule. Sijui kama alinikumbuka. Miwani ilikuwa kifuani, daftari limefunguliwa. Nilipomaliza akauliza, kwa sauti ileile isiyo na joto wala baridi: “Kwa nini rangi ya chungwa?” Moyo ukaruka kwa furaha kama mtoto aliyeulizwa swali analolijua. Nikampa bustani, nikampa hatua 30, nikampa jua kuzama na nyekundu iliyogeuka nyeusi, nikampa uwiano, nikawa naelekea kumpa na kipimo cha herufi za kibao, akainua mkono. “Inatosha.” Akaandika. Aliandika kwa muda mrefu, na mimi nimesimama pale nasikiliza kalamu.

Nilipata alama za juu kuliko wote waliorudia. Tulikuwa watatu, lakini za juu ni za juu.

Yule binti nilimjibu kwamba mimi nilitumia slaidi 14, ila idadi si shida yake, anitumie kwanza michoro yake ya awali. Akakaa kimya saa nzima. Halafu ikaja picha: rundo la karatasi zilizokunjwa na kukunjuliwa sakafuni, kona moja ina doa la wino. “Nilishazitupa kaka, nimezitoa kwenye kapu sasa hivi.” Nikaikuza ile picha. Karatasi iliyo karibu na mguu wa kiti ina nembo nzuri kuliko ile aliyonitumia mwanzo. Nimeizungushia duara jekundu nikamrudishia, nikamwuliza kwa nini aliiacha. Nasubiri jibu.