Manyoya ya sili yananiteleza kwenye uzi

SWALI: Assalaam aleikum ami. Mie nipo Nungwi nafunga nzi wa kuvulia, zile ndoana za kuzungushia manyoya zifanane na kidudu, sasa kuna mgeni kaniachia kifurushi cha manyoya ya sili, yule mnyama wa baharini, basi yananitesa kweli. Nikiyasokota kwenye uzi yanasimama kama nywele za mtu alotoka kulala, nikizungusha mara mbili tatu kwenye ndoana yote chini. Nta nimepaka mpaka vidole vinagandana. Nifanyeje?
Msomaji, Nungwi

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Kwanza punguza nta na punguza manyoya, mana nna hakika unabeba bonge zima, na mie nilianza ivoivo. Manyoya ya sili manene, yamenyooka, yanateleza, hayana ule ulaini wa sungura ambao unyoya mmoja unamshika mwenzake, kwaiyo kwenye uzi mmoja hayana pa kujishikia.

Umewaona bibi zetu Jambiani wanavyosokota kamba za usumba? Usumba nao mgumu, lakini kamba haiachii kwa sababu nyuzi mbili zilosokotwa pamoja zinabanana. Basi na weye fanya hivo: uzi upake nta kidogo (ya nyuki yatosha, ipashe vidoleni kwanza), ushushe kiasi cha vidole vinne halafu urudishe juu kwenye ndoana uwe kitanzi, ufunge. Tandaza manyoya katikati ya nyuzi mbili, yakae mkingamo, yawe machache mpaka uone upande wa pili. Chini tundika kijiwaya chenye chubwi ndogo ukizungushe kama pia, yakishakuwa kama brashi ya kuoshea chupa zungushia kwenye ndoana huku unayalaza nyuma kwa vidole.

Kitanzi kikikushinda changanya na sungura, yale manyoya laini ya karibu na ngozi, yachambuechambue mpaka yawe kitu kimoja, hapo hata uzi mmoja utashika ila mng'aro unapungua. Na usokote upande mmoja tu! Wengi wanakwenda mbele wanarudi nyuma kama wanapangusa mikono, wanachofunga wanakifungua wenyewe.

Halafu hao nzi wa sili usiwauzie wageni wa Marekani, kule tangu 1972 sheria inakataza kuingiza vitu vya sili. Wafungie wa manyoya ya mbuzi wa Angora, yanang'aa vizuri tu, na kuteleza yanateleza vilevile, kwaiyo kitanzi chako usikitupe.