Dushka na herufi iliyobaki: kwa mnaoanza kuandika historia ya silaha

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa la mwaka mmoja tu. Nilikuwa mwanafunzi, Kirusi changu bado cha kukokota, nikaandika kwamba DShK, ile bunduki kubwa ya Kisovieti inayomimina risasi mfululizo, ilipokewa jeshini mwaka 1938. Ushahidi wangu ulikuwa jina lake lenyewe, maana Warusi wanaiita modeli ya 1938. Mwalimu akauzungushia mwaka huo wino mwekundu, hakuandika neno. Nilihangaika karibu wiki nzima ndipo nikakuta kwamba amri ya kuipokea ilitoka tarehe 26 Februari 1939. Mwaka ulio katika jina ni wa muundo, na amri ina mwaka wake. Wajapani watakuchanganya zaidi: Aina ya 92 yao ni ya 1932, kwa sababu walihesabu kwa kalenda yao ya kifalme, na mwaka ule kwao ulikuwa 2592.

Tangu hapo nimetafsiri na kuhariri maandishi ya kijeshi kwa miaka mingi, na kila anapokuja kijana anayetaka kuandika habari hizi kwa Kiswahili humkabidhi Dushka, yaani hiyo DShK, kwanza. Si kwamba ndiyo bora kuliko zote. Ila mitego karibu yote utakayokutana nayo kwingine, kwake imo.

Kwanza tumalize suala la jina la Kiswahili. Wazee wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, waliita silaha hizi za kumimina risasi bombomu. Wengine husema rashasha, wengine bunduki ya mashine. Mimi nashika bombomu kwa sababu neno hilo linapiga kelele kama kitu chenyewe. Chagua lako, lakini usibadilishe katikati ya makala, msomaji atadhani ni silaha mbili.

Halafu kuna hili neno "nzito". Hapa nimewahi kusahihisha kurasa nzima. Kati ya vita viwili vya dunia, bombomu nzito ilimaanisha ile inayokaa juu ya miguu yake au gari lake, tofauti na nyepesi anayoibeba mtu mmoja. Hiyo Aina ya 92 ya Wajapani ilikuwa nzito kwa maana hiyo: na miguu yake ilifika kilo 55, lakini risasi yake ilikuwa ya milimita 7.7, ukubwa wa risasi ya bunduki ya kawaida. Leo tukisema nzito tunafikiria risasi kubwa, milimita 12.7 na kuendelea. Warusi wana maneno mawili tofauti kwa mambo haya mawili, nasi hatuna. Basi eleza kwa sentensi moja unamaanisha lipi, kisha endelea.

Sasa historia yenyewe. Anayeanza hukimbilia mtu: fulani alibuni, mwaka fulani. Mimi nakushauri uanze na risasi, na kabla ya risasi, na kilichokuwa kinapigwa. Vifaru vya Waingereza vilitokea vitani mwaka 1916. Mwaka 1918 Wajerumani walikuwa na bunduki ya Mauser ya milimita 13.2 ya kuvitoboa, na walikuwa wanaandaa bombomu ya risasi hiyohiyo waliyoiita TuF, kifupi cha maneno yao yenye maana ya kifaru na ndege. Vita vikaisha kabla haijafanya kazi. Lakini jina hilo ndilo orodha ya mahitaji ya miaka 20 iliyofuata: silaha moja, maadui wawili, wa juu na wa chini. Mwaka huohuo Jenerali Pershing wa Marekani alitaka kitu cha namna hiyo, John Browning akaanza kazi. Modeli ya kwanza ikawa ya 1921. Browning akafariki 1926, wengine wakaendelea kuirekebisha, na M2 inayojulikana hadi leo ikapata jina hilo mwaka 1933. Wafaransa wakaja na Hotchkiss ya milimita 13.2, Wajapani wakaichukua wakaifanya yao.

Wasovieti nao walichagua 12.7. Ukiuliza kwa nini namba ya ajabu hivyo, jibu ni inchi. Urusi ya zamani ilipima mitutu kwa "laini", na laini moja ni sehemu ya kumi ya inchi. Laini tatu ndiyo 7.62 ya bunduki ya Mosin. Laini tano ndiyo hii 12.7, yaani nusu inchi, sawa kabisa na ya Browning. Hapo kuna mtego: mtutu uko sawa, risasi haziingiliani. Ganda la Mmarekani lina urefu wa milimita 99, la Msovieti 108. Ukiona mtu ameandika kwamba majeshi haya yangeweza kuazimana risasi, ujue hakufika hapa.

Vasily Degtyaryov, fundi wa kiwanda cha Kovrov, alikuwa ameshatoa bombomu nyepesi ya 1927, ile yenye sahani ya risasi juu. Alipotakiwa kutengeneza kubwa, aliuchukua utaratibu ule wa gesi akaukuza. Mwaka 1930 ikapatikana bunduki iliyoitwa DK. Ilipiga vizuri, shida ikawa kwenye kulishwa. Risasi zilikaa katika magazini ya mviringo iliyobeba 30 tu, kubwa na nzito, na mwendo wake haukufika risasi 400 kwa dakika. Kwa gari la chuma linalotambaa, sawa. Kwa ndege inayopita juu ya kichwa, 30 zinakwisha mpigaji hajaikamata shabaha. Ilitengenezwa kidogo kati ya 1933 na 1935, ikasimamishwa.

Tulia hapa, usiharakishe kwenda kwenye vita. Miaka hii ya kukwama ndiyo inayosahaulika, na ndiyo yenye mafunzo. Mtutu ulikuwepo, risasi ilikuwepo, kilichokosekana ni njia ya kuzifikisha risasi ndani. Georgy Shpagin, yuleyule ambaye baadaye alibuni bombomu ndogo ya mkononi, PPSh ya 1941, akaja na gurudumu lenye vyumba lililowekwa juu ya bunduki. Mkanda wa chuma unaingia, gurudumu linazunguka, risasi inachomolewa na kusogezwa mahali pake. Mkanda ulikuwa na risasi 50, na mwendo ukapanda hadi kati ya 550 na 600 kwa dakika. Bunduki ikapata jina jipya: D ya Degtyaryov, Sh ya Shpagin, K ya neno la Kirusi lenye maana ya mtutu mkubwa. Askari wakazisoma herufi hizo kama Dushka, ambalo kwao ni neno la kumwita kipenzi. Ucheshi wa kikatili, lakini ndio wa kambini.

Nilipoiona mara ya kwanza katika jumba la makumbusho ya mizinga kule Saint Petersburg, sikuvutiwa na mtutu, nilivutiwa na magurudumu. Bunduki peke yake ni kilo 34. Juu ya gari lake, lililobuniwa na Kolesnikov, inakaribia 157. Kupiga mbele unaiburuta kama mkokoteni. Kupiga ndege unatoa magurudumu, unapanua miguu mitatu, unainua mtutu. Hebu fanya kazi hiyo kwenye theluji huku ndege imeshakuona. Nawaambia wanaoanza: usiandike uzito wa silaha bila kujiuliza nani aliubeba.

Vitani ilikuwa chache kuliko filamu zinavyokudanganya. Mwanzoni mwa 1942 jeshi lililokuwa mstari wa mbele lilikuwa nazo mia saba na ushee. Miaka miwili baadaye zilizidi 8,000. Ilikuwa silaha kuu ya kifaru kidogo cha T-40 kinachoelea majini, lakini chuma cha vifaru kilinenepa haraka, na kazi ya kutoboa ikaipita. Iliyobaki ikawa ni ndege. Kuelekea mwisho wa vita utaiona juu ya kifaru kizito cha IS-2, mtutu ukitazama mawingu.

Mwaka 1946 ikarekebishwa. Lile gurudumu la Shpagin likaondolewa, mahali pake pakawekwa mfumo rahisi zaidi wa kusukuma mkanda, unaoweza kupokea kutoka upande wowote. Yaani sehemu iliyompa Shpagin nafasi katika jina haimo tena, herufi yake imebaki. Mimi hufurahi kila nikilifikiria hilo. Hii mpya ndiyo DShKM, na ndiyo iliyosambaa duniani. Wachina waliinakili wakaiita Aina ya 54. Vietnam iliangusha nayo helikopta za Wamarekani, nao Wamarekani katika taarifa zao waliiandika kuwa ni ya .51 wakati yao ni ya .50, msidhani ni mtutu mpana zaidi. Afghanistan ikawageukia wenyewe: marubani wa Kisovieti walipigwa na nakala za silaha ya nyumbani kwao.

Kwetu Afrika Mashariki mtu huiona zaidi pichani, juu ya pikapu huko Somalia, ambako huiita dhashiike, au mashariki mwa Kongo. Na hapo ndipo mtapata kazi nyingi: kuandika maelezo chini ya picha. Nimeona picha ya pikapu ikiandikwa "bunduki ya Vita vya Pili vya Dunia". Kabla hujaandika hivyo, tazama kifuniko cha juu, pale mkanda unapoingia. Kikiwa na kibundu cha mviringo, kama chungu kilichofunikwa, ndani yake kuna gurudumu la Shpagin na ni ya zamani kweli. Kikiwa bapa, ni ya baada ya 1946, na huenda haikutoka Urusi kabisa. Kama kuna alama za Kichina ubavuni, andika Aina ya 54. Kama mkono wa mpigaji au turubai limefunika sehemu hiyo, andika "bombomu ya milimita 12.7", weka nukta, nenda picha inayofuata.