Kisanamu chenye gauni la lesi: jiki na supa gluu viweke mbali

SWALI: Nina kisanamu cha porseleni (kauri nyeupe nyembamba) cha Dresden, Ujerumani, karne ya 19: Kolombina, mhusika mjakazi wa komedia ya Kiitaliano, gauni la lesi. Mkono uliwahi kubandikwa na gundi imekuwa njano. Nimeshauriwa nikiloweke kwenye jiki usiku kucha, kisha niubandike upya kwa supa gluu. Je, ni sawa?

JIBU: Hapana, dada yangu, kwa yote mawili.

Ushauri huu tunausikia kila mara, na chanzo chake ni dhana kwamba porseleni haidhuriki kwa kuwa hainywi maji. Lakini palipovunjika hapana glezi (tabaka la nje linalong'aa kama kioo), na sanamu nyingi ni tupu ndani, zina kitundu chini ya kitako. Jiki ikiingia humo huwezi kuisuuza ikaisha. Ikikauka huacha chumvi, chumvi hugeuka fuwele, na fuwele hutanua nyufa. Dhahabu ya mapambo nayo ilichomwa juu ya glezi kwa moto mdogo zaidi, ndiyo maana hutoka upesi.

Lesi ndiyo inayonitia hofu zaidi. Ni lesi halisi ya pamba iliyochovywa kwenye uji wa udongo wa porseleni. Tanurini pamba iliungua, ukabaki udongo mwembamba kama uzi. Hata mswaki laini huuvunja. Vumbi lipulize kwa pampu ndogo ya mpira.

Gundi ya zamani ilainishe kwa asetoni safi, si ile ya kutolea rangi ya kucha yenye mafuta na manukato. Jaribu kwanza tone moja mahali pasipoonekana. Kisha weka pamba yenye asetoni kwenye kiungo tu, funika kwa karatasi ya alumini, badilisha kila baada ya nusu saa. Madirisha yawe wazi, moto usiwepo. Mkono uachie wenyewe; usiuvute.

Supa gluu hushika kwa sekunde chache. Ukikosea nusu milimita, umekosea, na kipande kinachofuata hakiingii. Fundi wa kweli hutumia epoksi nyembamba (gundi ya kuchanganya sehemu mbili), nyingine huchukua hadi wiki kukauka, na hashikizi kwa selotepu juu ya dhahabu, maana dhahabu hung'oka nayo.

Wanaouza kalamu za dhahabu na "dawa ya kurudisha mng'ao" wanawaharibia watu mali. Kila tabaka wanalopaka, mtu mwingine atalilipia kulitoa, na dhahabu ya asili iliyotoka nalo hairudi.

Vipande vya lesi vilivyodondoka, hata punje, viweke kwenye kiboksi chenye karatasi laini. Usivibandike.