Saruji inakula mawe ya nyumba ya kale: majibu kwa wasomaji

SWALI: Tumenunua nyumba ya karne ya 17 katika kijiji cha Cotswolds, Uingereza. Kuta ni za mawe ya chokaa, na mwenye nyumba wa awali alijaza saruji mianya yote ya nje. Sasa uso wa mawe unabanduka na ndani kuna ukungu. Fundi anashauri saruji mpya na rangi ya kuzuia maji. Tukubali?

JIBU: Msikubali. Ukuta huo ulijengwa unywe maji mvua inaponyesha, kisha uyatoe upepo ukivuma, na njia yake ya kuyatoa ni chokaa laini iliyo baina ya mawe. Saruji imeziba njia hiyo, hivyo maji yanatokea kwenye jiwe lenyewe. Usiku wa baridi kali yanaganda, yanatanuka na kumega uso wake. Sogeeni karibu: jiwe limeliwa likaingia ndani, saruji imebaki imesimama kulizunguka kama fremu ya picha. Rangi hiyo itafungia unyevu zaidi.

Toeni saruji kwa tindo nyembamba na nyundo. Mashine ya kukatia huteleza, na kovu lake kwenye jiwe halifutiki. Chimbeni kina cha mara mbili ya upana wa mwanya, kisipungue milimita 25. Saruji ikishika kiasi cha kuvunja kingo za jiwe, iacheni hadi ilegee yenyewe. Hapo subira inaokoa jiwe.

Safisheni vumbi, kisha lowesheni vizuri, kwani jiwe kavu hunyonya maji ya chokaa kabla haijashika, nayo hubaki unga. Changanyeni kipimo 1 cha chokaa asilia inayoshika kwa maji, iliyoandikwa NHL 3.5, na vipimo 2.5 vya mchanga wa chembe kubwa uliooshwa. Pimeni kwa ndoo, maana koleo hudanganya. Vaeni miwani na glavu: chokaa huunguza. Saruji msiongeze hata kidogo. Shindilieni ndani kabisa, na mwanya wenye kina ujazwe kwa tabaka. Kidole gumba kikiacha alama kwa shida, gongeni kwa ncha za brashi ngumu ili nyufa zifunge. Funikeni kwa magunia mabichi siku kadhaa. Chini ya nyuzi 5 za Selsiasi msifanye kazi hii.

SWALI: Nyumba imeorodheshwa daraja la II, yaani inalindwa kisheria kama jengo la kihistoria. Ukuta tu nao unahitaji ruhusa?

JIBU: Mara nyingi marekebisho madogo kwa vifaa vilevile vya asili hayahitaji, lakini kazi inayogusa sura ya jengo, nje au ndani, inahitaji, na kuifanya bila ruhusa ni kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 1990. Kwa hiyo mwandikieni kwanza afisa wa hifadhi wa halmashauri yenu, mkiambatisha picha za ukuta na maelezo ya mchanganyiko. Maombi hayalipiwi ada, na muda wa kawaida wa uamuzi ni wiki 8. Yapelekeni wakati wa baridi ili ruhusa iwakute mwanzoni mwa msimu wa joto.