Barua kwa mwanangu: njaa iliyokuja baada ya sigara

Mwanangu mpendwa Salimu,

Assalaam alaikum. Sisi hapa Tanga hatujambo, na mdogo wako anakusalimu sana. Barua yako imefika. Unaniambia kwamba tangu uache sigara, huu ukiwa mwezi wa pili, mdomo haupumziki. Kila lori linaposimama unanunua chipsi, maandazi na soda, na suruali zimeanza kukubana. Umesoma kwenye simu kwamba nguvu ya nia ni kama msuli unaochoka ukitumika sana, na sasa unaniuliza kama sigara imeimaliza nia yako yote hata haikubaki ya kuzuia chakula.

Hapana, mwanangu, na ningependa uiache fikra hiyo kabla hujaendelea kusoma. Nadharia hiyo naifahamu tangu nilipokuwa nikifundisha saikolojia chuoni. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani waliwaweka watu wenye njaa mbele ya biskuti, wakawaagiza baadhi yao wale figili tu, kisha wakawapa wote fumbo lisilo na jibu. Waliokuwa wamejizuia wasile biskuti walikata tamaa mapema zaidi. Habari ikaenea dunia nzima. Lakini mwaka 2016, maabara zaidi ya 20 zilipoijaribu nadharia hiyo upya kwa utaratibu mmoja, uchovu huo wa nia karibu haukuonekana. Mimi naiona kuwa ni nadharia yenye hatari pia, kwa kuwa mtu akishasadiki kwamba hazina yake imekwisha, hujipa ruhusa ya kula sahani ya pili.

Kinachokusumbua kina sababu zake mwilini. Nikotini, ile kemikali ya sigara inayomfanya mtu awe mraibu, hupunguza hamu ya kula, kwani huchochea sehemu ya ubongo inayotoa ishara ya kushiba, na wakati huohuo huufanya mwili uunguze chakula kwa kasi zaidi kidogo. Ulipoiondoa, njaa iliyokuwa imezuiwa kwa miaka ilirudi, huku mwili ukitumia chakula kidogo kuliko zamani. Pua na ulimi navyo vimepona, hivyo harufu ya vitunguu vinavyokaangwa kandokando ya barabara, ambayo ulikuwa ukiipita bila kuijali, leo inakushika. Wanaoacha sigara huongezeka kwa wastani wa kilo nne hadi tano katika mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa huja katika miezi mitatu ya mwanzo. Hiyo ni wastani tu: wapo wanaoongezeka zaidi ya kilo 10, na wapo wanaopungua. Kwa upande mwingine, baada ya mwaka mmoja bila sigara, ile hatari ya ugonjwa wa moyo iliyoletwa na uvutaji hupungua kwa takriban nusu. Kilo hizo nne hazilingani na faida hiyo hata kidogo.

Kwa hiyo usianze sasa kujinyima chakula. Mtu mwenye njaa kali hukasirika upesi, na dereva aliyekasirika, aliye kwenye foleni ya mizani ya Vigwaza nyuma ya malori mengi, anajua vyema dawa ya hasira yake inauzwa wapi. Kula milo mitatu kamili kwa saa zake: wali au ugali na maharage, samaki, mboga za kutosha. Kinachotakiwa kupungua ni yale ya katikati, na hapo ndipo mazoea yanapoingia.

Hebu jichunguze unavyomaliza kula. Zamani ulikuwa ukisukuma sahani kando, unanawa mikono, unatoa sigara. Hiyo sigara ndiyo iliyokuwa ikikuambia kwamba mlo umekwisha. Leo hakuna kinachokuambia, ndiyo maana mkono unarudi kwenye sahani. Weka mswaki kwenye kebini, na ukishakula piga mswaki papo hapo, hata kama ni kwa maji ya chupa kando ya tairi. Kinywa chenye ladha ya dawa ya meno hakina hamu ya andazi.

Mkono nao unahitaji kazi. Karanga za kuchemsha zilizo kwenye maganda yake ni bora kuliko za kukaanga zilizokwisha kumenywa, kwa sababu utalazimika kubonyeza ganda, kulipasua, kutoa punje mbili na kutupa ganda kabla hujafikia jingine, na mpaka hapo tumbo limepata nafasi ya kusema limetosheka. Hizo ni za wakati gari limesimama. Ukiwa kwenye usukani mikono yote miwili ina kazi yake. Chungwa pia linafaa. Wimbi la hamu, iwe ya sigara au ya kitu kitamu, kwa kawaida hupanda na kushuka ndani ya dakika chache, na mwendo wa haraka wa robo saa huipunguza. Najua huwezi kuliacha lori Mikumi ukaenda matembezini, lakini kwenye foleni ya mpakani Tunduma unaweza kulizunguka mara kadhaa ukikagua matairi, kazi ambayo tajiri wako anakulipa uifanye hata hivyo.

Watu tunaowasifu kwa nia imara, wengi wao wamejipangia siku ili vishawishi visiwafikie mara kwa mara. Basi nunua chakula chako Morogoro ukiwa umeshiba, usingoje uzungukwe na wachuuzi dirishani ukiwa na njaa. Soda isikae kebini. Utingo wako mwombe kwa heshima avutie nje, mbali na mlango. Ni kijana mwema, ataelewa.

Liko jambo moja ambalo hukuniuliza, ila nimeliona katika barua yako: mikono kutetemeka na moyo kwenda mbio usiku. Wewe umelihesabu kuwa ni arosto ya sigara, na huenda ni hivyo. Lakini moshi wa sigara hulifanya ini livunje haraka kafeini, kile kichangamsho kilichomo kwenye kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, na mtu akiacha kuvuta, kahawa ileile hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Vile vikopo vya kuongeza nguvu unavyokunywa Makambako ili usisinzie sasa vinakupiga kwa nguvu kuliko zamani, na sukari yake ni nyingi mno. Punguza kwa nusu kwanza uone. Usingizi ukikuzidi, egesha gari ulale.

Hamu ya sigara ikizidi kukulemea, liulize duka la dawa kuhusu jojo au plasta za nikotini. Shirika la Afya Duniani liliziweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009, kwa hiyo usione haya. Na ukiona kiu isiyokwisha, kukojoa mara kwa mara, au uzito unaoendelea kupanda baada ya mwezi wa tatu, ingia kituo cha afya chochote kilicho njiani wakupime sukari, usingoje mpaka urudi Tanga.

Wako akupendaye,
Mama