Katuni ya marehemu mbona poa tu, hasa akiwa mchekeshaji

Mhariri, mmeuliza wiki hii kama ni sawa maisha ya mtu aliyefariki kutengenezewa katuni au ni kumkosea heshima. Mi nasema ni sawa, na akiwa mchekeshaji ndo kabisa, na nitawapa mfano wa muvi ya Graham Chapman, yule Mwingereza wa kundi la vichekesho la Monty Python, ilitoka 2012 inaitwa A Liar's Autobiography.

Kwa asiyemjua, Chapman ndo aliyecheza King Arthur kwenye muvi yao ya 1975 halafu Brian kwenye ile ya 1979 iliyowakera sana watu wa dini. Jamaa mrefu, kiko mdomoni, kasomea udaktari Cambridge afu akauacha akaenda kuandika vichekesho. Kansa ilimuondoa tarehe 4 Oktoba 1989 ana miaka 48, na kesho yake tu kipindi chao kilikuwa kinatimiza miaka 20 tangu kianze kurushwa BBC, mpaka mwenzake Terry Jones akasema hajapata kuona mtu anaharibu sherehe kiasi hicho!

Sasa hoja yangu iko hapa. Watu wanasema marehemu hawezi kujitetea, lakini huyu anaongea mwenyewe, maana kabla hajafa alijirekodi akisoma kitabu chake cha 1980 na wale waongozaji watatu (mmoja ni mtoto wa huyo huyo Terry Jones) wakachukua ile sauti wakaichorea picha. Na kitabu chenyewe ni uongo mtupu na hakifichi, kinajiita juzuu ya sita wakati ya kwanza hadi ya tano hazipo, eti mtu kaandika maisha yake mwenyewe na waandishi wako watano. Hebu niambieni, ukimpa hiyo kazi muigizaji umpake make-up avae suti ya miaka ya 70 si watu watatoka wanaamini kila kitu? Katuni haina shida hiyo, ukiona tu mchoro unajua hapa napigwa kamba, na ndo alivyotaka.

Wamechora studio 14 kwa staili 17, kwa hiyo kila baada ya dakika chache sura ya Chapman inabadilika. Kuna watu imewachosha na siwalaumu, vipande vingine havishikani na ile 3D mi sikuona ilikuwa ya kazi gani. Ila mtu aliyekuwa daktari, mlevi, mpanda milima, na aliyeishi waziwazi na mwanaume mwenzake enzi ambazo Uingereza ilikuwa imeacha juzi tu, 1967, kufunga watu kwa kosa hilo, utamchora kwa mkono mmoja kweli? Hapana bwana.

Kuna kisa wenzake wamekisimulia sana, cha 1974 wakishuti Scotland ile muvi ya King Arthur. Asubuhi ya kwanza kulikuwa na daraja la kamba juu ya korongo, Chapman anatetemeka hawezi kuvuka, wakashangaa maana huyu si ndo mpanda milima wetu, kumbe sio woga ni pombe, mwili unadai gin, ile pombe kali, na gin hakuna. Kamera pale ingeona mwanaume kavaa taji anatetemeka basi, lakini penseli inaweza kuingia kichwani mwake ikatuonyesha anachokiona yeye, na mi naona hapo ndo katuni inaishinda muvi ya kawaida kwa mbali. (Pombe aliiacha mwishoni mwa 1977, kabla hawajaanza kushuti ile muvi ya Brian.)

Na kuhusu heshima, kwenye kumbukumbu yake mwenzake wa Monty Python, John Cleese, alisimama akamtukana marehemu mbele ya waombolezaji, akaelezea kwamba asingefanya hivyo Chapman asingemsamehe. Baada ya hapo mtu anakuja kulalamika eti Cameron Diaz, muigizaji wa Hollywood, kafanya sauti ya Sigmund Freud, yule daktari maarufu wa mambo ya akili, kwenye katuni? Jamani!

Pa kukataa mi ningepaweka kwingine. Chapman kaacha sauti yake na maneno yake, kazi ilikuwa kuchora tu. Mchekeshaji ambaye hakuacha rekodi ya namna hiyo, wakamtengenezea sauti kwa kompyuta na kumtungia vichekesho ambavyo hakuwahi kuvisema, hapo mhariri mi simo, hata michoro iwe mizuri vipi.