Jibu: MGB ya 1967 inasita, plagi nyeusi
Mkuu, umesema MGB yako (gari la michezo la Uingereza) inasita ukikanyaga mafuta ghafla na plagi zinatoka nyeusi. Hayo ni matatizo mawili, usiyachanganye.

Kusita: fungua vifuniko vya juu vya zile kabureta mbili za SU (chapa yake), zinazochanganya hewa na petroli. Oili ikiisha humo, pistoni ya kabureta (si ya injini) inaruka juu haraka mno na hewa inaizidi petroli. Jaza SAE 20 hadi 13 mm juu ya mdomo wa mrija wa pistoni.

Weusi: kabla hujagusa nati yoyote, rudisha choki (kile kivuta cha kuongeza petroli injini ikiwa baridi) ndani uchungulie chini ya kabureta. Jeti, yaani kile kimrija kinachotoa petroli, imepanda juu kabisa? Waya wa choki ukikwama, jeti inabaki chini na injini inakunywa petroli bure. Hapo ndipo wengi wanapokosea.

Kama imepanda, pasha injini moto, sawazisha hewa ya kabureta zote mbili, kisha inua pistoni ya kabureta moja kwa bisibisi nyembamba, 0.8 mm tu. Mzunguko wa injini ukipanda na kubaki huko, petroli imezidi: zungusha nati ya jeti kwenda juu, pembe moja kati ya sita, upime tena. Injini ikitaka kuzima, rudisha nati chini. Mzunguko ukipanda kidogo halafu ukatulia, iache nati hapo, uhamie kabureta ya pili.